Pete ya Damu Ndani ya Yai

Vifaranga walikufa ndani ya mayai, na kwa sababu ya vifo hivyo mwanamke mzee akatolewa nyumbani mchana kweupe, watu wakiimba. Elsie alikuwa miongoni mwa walioimba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupasua mayai na kukuta maiti, na mtu aliyechoka hivyo ukimpa jina la adui, hulipokea kwa mikono miwili.

Mashine ya kutotoa aliinunua mjini Voi, kwa Hanif. Hanif ni kijana wa watu wa pwani. Dukani kwake kuna chakula cha kuku na dawa za kuku, na mashine ikiharibika huifungua mwenyewe na kuitengeneza. Alimweleza Elsie kila kitu kwa utaratibu: joto lisipande wala kushuka, maji yasikauke kwenye sinia la chini, mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku, na siku za mwisho asifungue mlango hata akiona nini. Elsie alisikiliza kwa makini. Alikuwa amepika katika shule moja kwa miaka mingi mpaka shule ikapunguza wafanyakazi, na tangu hapo alishinda nyumbani kwake, mtaa wa Mwakingali, akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mashine ile ilikuwa kitu chake mwenyewe cha kwanza. Akaiweka juu ya meza katika chumba cha binti yake Shanice, aliyekuwa shule ya bweni, akatandika chini yake kitambaa cha kufuma kilichokuwa kimewekewa wageni.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Elsie, mumewe Nicholas aliyekuwa dereva wa ranchi moja upande wa Maungu, na Shangazi Wakesho. Huyu Shangazi alikuwa dada wa marehemu babake Nicholas. Mamake Nicholas alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Wakesho, aliyekuwa ameolewa, akaiacha ndoa yake akarudi Mwanda kumlea. Alimlea peke yake kule milimani, akamsomesha kwa maharagwe na kuku, na magoti yalipokataa vilima Nicholas akamteremsha Voi akae naye. Hadithi hiyo Nicholas aliipenda kuisimulia mbele ya wageni. Ilikuwa hadithi ya kweli.

Tuseme ukweli pia kwamba Shangazi hakuwa malaika. Alikuwa mfupi, mkali wa mdomo, mtu wa ugoro, na aliichukia mashine tangu ilipoingia mlangoni. Kuku wake wa Mwanda walikuwa wakilalia mayai chini ya kitanda chake mwenyewe, na kwake yeye sanduku la stima kufanya kazi ya kuku ilikuwa dharau kwa kuku. Hata hivyo kila asubuhi alikuja kuchungulia. Alisimama mbele ya kile kidirisha cha kioo, mikono nyuma, akaangalia mayai yaliyolala chini ya taa, kisha akaguna na kwenda zake. Elsie alimsikia akiguna mpaka akaanza kumngojea agune.

Mayai ya kwanza yalitoka kwa mfugaji mmoja wa Marungu, na yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Kisha stima ikapotea. Ilipotea asubuhi ikarudi jioni, ikapotea tena. Elsie aliifunika mashine mablanketi, akaweka chupa za maji moto kandokando, akakaa hapo chini sakafuni siku nzima akiipapasa kama mgonjwa. Siku ilipotimia vifaranga wanne walitoka. Wengine walitoboa ganda tundu dogo, wakalia kidogo, wakanyamaza. Wengine hawakulia kabisa.

Aliyapasua moja moja juu ya gazeti. Ndani walikuwemo vifaranga kamili, wenye manyoya, kucha na mdomo, kichwa kimekunjwa chini ya bawa, wamelowa na wamekufa. Elsie alilia bila kujificha. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akavuta ugoro wake, akasema, "Kifaranga asiye na mama, akitoka atamwita nani? Afadhali hivyo."

Alikuwa ananung'unika tu. Hivyo ndivyo alivyosema juu ya kila kitu, juu ya maziwa ya pakiti na juu ya harusi za siku hizi. Lakini maneno yale yalitua pabaya, siku mbaya, katika sikio la mtu mwenye uchungu.

Elsie alikuwa katika kundi la maombi la akina mama wa mtaa wao. Kiongozi wao alikuwa Mama Abby, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili na moyo mzuri, maana lazima hilo nalo lisemwe: ukifiwa, sufuria ya kwanza ya uji mlangoni pako huwa ni yake. Elsie aliposimulia habari ya vifaranga wanne, Mama Abby alitikisa kichwa. "Stima hupotea kwa kila mtu," akasema. "Mbona kwako ndiyo iue? Vitu vya Mungu havifi bure, Mama Shanice. Kuna jicho." Akampa chupa ya mafuta ya zeituni yaliyokuwa yameombewa na mhubiri aliyepita Voi mwaka ule. "Ukiweka mayai mengine, paka huo mlango wa mashine, sema maneno ya Bwana, halafu utanipigia simu ya furaha."

Apake mlango. Mama Abby hakusema zaidi ya hapo. Lakini Elsie hakuwahi kufanya kazi nusu nusu maishani mwake. Akawaza, mlango tu ndio nini? Jicho likishapita mlangoni je? Basi alipopata mayai mapya alikaa nayo kitandani kwa Shanice, akajimiminia mafuta kiganjani, akalipaka kila yai juu, chini na ubavuni, kama alivyokuwa akipaka madonge ya chapati shuleni, akiomba kwa kila yai. Hakuacha mahali pa shetani kupitia. Mayai yaling'aa. Akayapanga kwenye trei zote mbili za mashine, ya juu na ya chini, akafunga mlango akiwa na amani ambayo hakuwa nayo kwa siku nyingi.

Baada ya wiki moja aliyamulika, jinsi Hanif alivyomfundisha. Alifunga mapazia, akaweka yai juu ya tochi. Kama kifaranga anakua, Hanif alisema, utaona mishipa imesambaa kama mizizi, na katikati doa linalocheza. Elsie hakuona mizizi. Aliona ndani ya yai mstari mwembamba mwekundu umezunguka, umefunga, ukawa duara kamili. Akachukua yai jingine. Duara jingine. Akachukua la tatu, nalo lilikuwa na duara lake, akalipiga picha kwa simu.

Alikwenda kwa Hanif hata bila kubadilisha kanga. Hanif aliangalia picha kwenye simu, akapangusa kioo kwa kidole.

"Hii twaiita pete ya damu, Mama Shanice. Kifaranga alianza kuumbika, kisha akafa mapema. Damu ikajikusanya pembeni ndiyo ikawa hivi."

"Na kinachowaua ni nini?"

"Mambo ni mengi. Joto lilizidi?"

"Halikuzidi."

"Mayai yalikaa siku nyingi kabla hujayaweka?"

"Yalikuwa ya juzi."

"Umeyaosha? Umeyapaka kitu chochote?"

Hapo Elsie alisita. Hanif ni Mwislamu, na mafuta yale yalikuwa jambo la kati yake na Mungu wake. Aliona jinsi kijana atakavyoinua macho, atabasamu kwa adabu, labda amsimulie mamake jioni kwamba kuna mama wa Kitaita anabatiza mayai. Akasema, "La, sijapaka kitu."

"Basi tutazame mayai yenyewe," Hanif akasema. "Huenda ni pikipiki inayoyaleta, barabara ya Marungu yayatikisa. Jaribu mengine, uyapumzishe siku moja kwanza."

Daktari aliyedanganywa atatibu nini? Elsie alirudi nyumbani na jibu la pikipiki, na halikumtosha. Jioni hiyo akatuma picha ya yai kwenye kundi la maombi. Simu ikaanza kuita hata kabla hajaiweka chini.

"Hiyo ni pete!" Mama Abby alikuwa karibu kulia. "Si unaona kwa macho yako? Nani huyo anayavalisha mayai yako pete, mamangu? Ni nani na nani huingia hicho chumba?"

Elsie aliutazama mlango wa chumba. Kisha akasema, "Ni mimi tu. Na Shangazi."

Alilisema hilo jina mwenyewe. Hakuna aliyemshika ulimi.

Nicholas mwanzoni alikasirika. Aligonga meza, akasema mtu asimtajie upuuzi huo nyumbani kwake. Lakini shaka ikishaingia ndani haitoki kwa kugongewa meza. Jumamosi moja Elsie alimkuta ameketi nje ameshika tama. "Yule ng'ombe wetu wa Mwanda," akasema bila kuulizwa. "Alikufa asubuhi, na Shangazi ndiye aliyemkama jioni iliyotangulia." Siku nyingine akamkumbuka binamu aliyeanguka mtini. Siku nyingine, kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Mamangu alikufa akiwa na nguvu zake, Elsie. Na aliyefaidika kupata mtoto ni nani?" Elsie alishtuka aliposikia hayo. Alijua wamefika mahali pabaya. Lakini hakusema "Nicholas, hapo umezidi," kwa sababu kila neno la mumewe lilimpunguzia yeye mzigo.

Shangazi aliona watu wakinyamaza akiingia. Aliuliza mara moja, "Kwani nimenuka?" Hakujibiwa. Akaendelea kuichungulia mashine kila asubuhi.

Mayai ya tatu yalifika, na Mama Abby akasema safari hii kundi zima litakuja kuyaombea. Walikubaliana iwe siku ambayo Nicholas yuko nyumbani. Asubuhi hiyo Elsie alianza mapema kazi yake ya mafuta. Alimaliza trei ya juu, akaitia mashineni. Ya chini ilikuwa bado iko kitandani, mayai yake makavu, chupa ya mafuta kando yake, aliposikia geti linagongwa, akatoka kuwapokea wageni.

Waliporudi ndani wote, walimkuta Shangazi Wakesho. Alikuwa amefungua mlango wa mashine, ameshika yai mkononi, analigeuzageuza karibu na macho kwa vile hakuona vizuri.

"Linateleza," akasema, akijipangusa vidole kwenye leso. "Haya mnayakaanga au mnayatotoa?"

Ulikuwa mzaha. Mama mmoja akapiga kelele, "Damu ya Yesu!" na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu kingine. Walimkamata mikono. Yai lilianguka likapasuka sakafuni. Walimtoa uani, jua likiwa limechachamaa, wakamzunguka, na Mama Abby akaichukua ile chupa akamwagia kichwani mafuta yote, mpaka ya mwisho, yakashuka machoni, shingoni na ndani ya nguo. Waliimba kwa nguvu. Majirani walipanda juu ya mawe kuchungulia. Shangazi alipepesa macho yaliyojaa mafuta, akawa anamtafuta mtu mmoja tu.

"Nicholas," akasema. "Nicholas, waambie."

Nicholas alikuwa amesimama kando ya pikapu ya ranchi. Aliangalia chini. Kisha akaingia chumbani kwa mzee, akatoka na godoro, akalitupa nyuma ya gari, akarudi kuchukua sanduku. Hapo Shangazi akaelewa. Hakulia wala kulaani, ingawa Mama Abby alimngoja alaani. Alipanda kiti cha mbele akiteleza, na Elsie ndiye aliyefunga mlango. Alikuwa bado anaimba.

Nicholas alimpeleka Maungu, akampangishia chumba katika ploti ya mama mmoja aitwaye Ndunge, anayewapikia madereva wa malori chakula kando ya barabara kuu. Alirudi jioni, akaoga, akala, akasema gari lina mlio.

Trei ya chini ilibaki pale kitandani. Elsie aliiona wageni walipokwisha kuondoka. Mafuta yalikuwa yamekwisha, chupa tupu uani. Akayatia mayai mashineni vile vile yalivyokuwa, makavu, akafunga. Aliona hayahitaji tena, kwa vile adui ametolewa.

Aliyamulika baada ya wiki. Alianza na trei ya juu. Pete. Pete tena. Na sasa hakukuwa na Shangazi ndani ya nyumba. Yote ya juu yalikuwa na pete. Akachukua yai la kwanza la trei ya chini, akaliweka juu ya taa, na ndani yake akaona mizizi myekundu imesambaa kila upande, na doa jeusi dogo likicheza. Na la pili hivyo hivyo. Na yaliyofuata.

Mkono ulielewa kabla ya kichwa. Yai la mkono wa kushoto, la trei ya juu, lilikuwa linateleza. Yai la mkono wa kulia lilikuwa kavu, lenye kukwaruza kidogo kama mayai yalivyo. Elsie alikaa chini. Alikaa pale mpaka tochi ikazimika yenyewe.

Alimfuata Hanif dukani, akangoja wateja waondoke. Safari hii alisema yote kuhusu mafuta, bila kuinua uso. Hanif hakutabasamu.

"Ganda la yai lina vitundu, Mama Shanice. Havionekani kwa macho, lakini viko kila mahali. Kifaranga avutia pumzi humo. Ukilipaka mafuta lote, umemziba pua. Hata yakiwa mafuta ya uto, hata samli, ni hayo hayo."

"Kwa hivyo wale wote ni mimi."

"Wale wa mwanzo ilikuwa stima. Hawa wengine, ndiyo, ni mafuta. Lakini hukujua. Mbona siku ile hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Basi pole. Ni mayai tu, mamangu. Utaweka mengine."

Ni mayai tu. Hanif hakujua kilichotendeka uani, na Elsie hakumwambia. Alitoka dukani akapita sokoni akanunua nyanya, ili aonekane alikwenda kununua nyanya.

Angeweza kwenda Maungu siku ile ile. Hakwenda. Alijiambia asubiri aone kama kweli watatoka, asije akamsumbua mzee kwa jambo ambalo hana hakika nalo. Lakini hakika alikuwa nayo, tangu pale alipoyashika mayai kwa mikono miwili. Alichokosa ni uso wa kwenda nao. Kwa hiyo Shangazi akaendelea kukaa Maungu, na Nicholas akaendelea kupita na gari mbele ya ploti ya Ndunge akienda ranchi na akirudi, bila kusimama.

Siku yao ilipofika, trei ya chini ililia yote. Maganda yalipasuka kwa pamoja, na kufikia mchana mashine ilijaa vifaranga wa njano na weusi wakikanyagana. Hii ndiyo saa aliyoiota Elsie tangu alipoachishwa kazi, na aliitazama kwa hofu. Mama Abby alifika na nusu ya kundi. Walipiga vigelegele mpaka vifaranga wakajikusanya pembeni.

"Si mmeona?" Mama Abby akawageukia wenzake, machozi yakimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. "Mchawi ametoka, uhai umeingia! Jumapili, Mama Shanice, utasimama mbele ya kanisa utoe ushuhuda. Watu wanahitaji kusikia hii kitu."

Elsie aliitikia amina. Trei ya juu alikuwa ameshaimimina ndani ya ndoo, akaifunika, akaisukuma chini ya kitanda.

Nicholas aliporudi alimwita chumbani, akaivuta ndoo, akafunua. Harufu ikawapiga wote wawili. Alimweleza polepole, kutoka alivyoyapaka kama madonge ya chapati mpaka vitundu vya ganda. Alimwekea mkononi yai lililopakwa, kisha ganda kavu la yai lililototolewa, ili aone mwenyewe. Nicholas alivipapasa muda mrefu.

"Umewaambia watu?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Basi usiwaambie."

"Nicholas, ni Shangazi yako. Twende tumrudishe, tumwombe msamaha, hata leo."

"Najua ni nani!" Sauti yake ilipasuka. "Unadhani mimi sijui ni nani? Niliondoa godoro lake na hii mikono. Akiwa mchawi, nililinda nyumba yangu. Asipokuwa mchawi, mimi ni nini? Niambie wewe mwenye akili. Nitaishi vipi?"

Nicholas aliliweka ganda kwenye ndoo, taratibu, akafunika. "Mchawi ni mchawi," akasema. "Hayo mafuta yako ni bahati tu." Akatoka kwenda kuosha gari lililokuwa safi.

Jumapili Elsie hakwenda kanisani. Alisikia baadaye kwamba Mama Abby alitoa ushuhuda kwa niaba yake, na kwamba ulikuwa mtamu. Yeye alipanda gari la asubuhi kwenda Maungu, akashuka kando ya malori yaliyoegeshwa, akauliza ploti ya Ndunge.

Ndunge alikuwa anasonga ugali wa madereva. Alimwangalia Elsie juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa kwake? Nilidhani hana mtu. Haya, ingia huko nyuma. Lakini huyo mama hatoki. Chakula nampelekea mlangoni. Nikimwambia akae nje apate upepo, anasema atanidhuru biashara."

Shangazi Wakesho alikuwa ameketi kizingitini, ndani kidogo ya kivuli. Alikuwa amenyolewa kichwa chote. Harufu ya mafuta ilikataa kutoka kwenye nywele, alieleza baadaye, kwa hiyo alimwomba Ndunge amnyoe. Alikuwa mdogo kuliko Elsie alivyomkumbuka, na hakuwa na ugoro mkononi.

"Mama Shanice," akasema. "Walitoka?"

Elsie alipiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na angeyashukuru. Akasema, "Walitoka, Shangazi. Si wewe. Hukuwa wewe hata siku moja." Akamweleza yote. Alilia akieleza, akachanganya maneno, akarudi nyuma, akaeleza tena, jinsi alivyoyapaka, jinsi yanavyopumua, jinsi trei ya chini ilivyopona. Akasema na alichokosea, kwamba yeye ndiye aliyemtaja jina wakati alipoulizwa. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama.

"Hayo mafuta," akauliza, "ni yale ya maombi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Yale yaliyoombewa na mhubiri."

"Ndiyo hayo."

Shangazi alifikiri. Kisha akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemkatalia mtoto kitu kwa faida yake.

"Hapana, mwanangu. Mafuta ya Mungu hayawezi kuua. Usimkosee Mungu kwa ajili yangu."

"Hata mafuta ya kupikia yangewaua! Ni mafuta tu, Shangazi, ni ganda linazibwa…"

"Sikiliza. Mimi nilikuwa nasimama pale kwa kioo, nasema moyoni, hawa wasitoke, tuone. Kila siku nilisema hivyo. Niliwaonea wivu. Nilikuwa nataka mseme kumbe kuku ni kuku, kumbe mzee anajua kitu." Alijipapasa kichwa kilichonyolewa. "Mtu akisema hivyo moyoni kila asubuhi, na kweli wakafa, wewe utamwita nani? Mimi sikujua niko hivyo. Nimekaa hapa nikafikiri, nikaona kumbe niko hivyo."

"Huko si kuroga! Mimi nimewaombea mabaya watu wangapi?"

"Na Nicholas," mzee akaendelea. "Nicholas nimemlea. Ananijua kuliko mtu yeyote. Mtoto huyo hawezi kunitoa nyumbani kwa bure. Kama yeye alinileta hapa, basi kuna kitu aliona."

Elsie alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja la kumjibu, kwamba Nicholas anajua, amelishika lile ganda mkononi, anajua na amekataa. Alimwangalia mzee akingoja, uso umeinuka, na akaona kwamba imani ile juu ya Nicholas ndiyo kitu pekee alichotoka nacho Mwakingali. Akakifumba kinywa.

"Twende nyumbani, Shangazi," akasema tu. "Tafadhali."

"Nyumbani kuna vifaranga," Shangazi akajibu.

Kuku wa Ndunge alitokea nyuma ya jiko, akichakura, vifaranga wake wadogo wakimfuata kwenye mfereji wa maji ya kuoshea vyombo. Walikuwa wanakuja upande wao. Shangazi Wakesho aliwaona, akageuka haraka ukutani, akavuta leso akajifunika uso mzima.

"Wafukuze, wapite," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Wafukuze upesi, Mama Shanice, nisije nikawaangalia."